Kutoka Kilindini hadi Moiben: Wauza Vigae Huru na Haja ya Chama

Katika nyumba nyingi za siku hizi, kazi ya mwisho kabla ya familia kuhamia ni kutandaza vigae. Kuta zimeshasimama, paa limeshaezekwa, milango imeshatiwa, na fedha, mara nyingi, zimebaki kidogo. Hapo ndipo mama wa nyumba huingia dukani na kukabiliwa na maswali ambayo hakuyatazamia: anataka vigae vya sakafu au vya ukuta, vya daraja la kwanza au la pili, katoni ngapi, na je, katoni zote zimetoka katika tanuri moja? Akimpata muuzaji mwaminifu na mjuzi, nyumba humkalia vizuri kwa miaka mingi. Akimpata asiyejua, sakafu ya sebule hutoka na rangi mbili, na fedha za mwisho zikapotea.

Makala yetu ya wiki hii yanamhusu muuzaji huyo, na hasa yule wa miji midogo ya bara kama Moiben, katika kaunti ya Uasin Gishu. Huenda msomaji akajiuliza familia za Pwani zina shughuli gani na Moiben. Jibu ni kwamba zina shughuli kubwa. Wengi wetu tuna mabinti walioolewa upande wa Eldoret, vijana wanaosoma huko, na jamaa waliofungua maduka huko. Tena vigae vinavyoagizwa kutoka ng'ambo na kuuzwa huko vimepita kwanza hapa kwetu, katika bandari ya Kilindini, ndipo vikapanda lori kwa safari ya karibu kilomita 800.

Kati ya kiwanda na sebule ya mtu husimama msambazaji. Tunaposema msambazaji huru, tunamkusudia mfanyabiashara asiyemilikiwa na kiwanda na asiyefungwa kuuza bidhaa za kiwanda kimoja tu. Mtu huyu yuko katika hali ya kubanwa. Kiwanda kina nguvu kuliko yeye, na mnunuzi ana haki juu yake. Historia inaonyesha kwamba kila alipobaki peke yake alidhoofika, na kila alipojiunga na wenzake kwa nia safi na daftari lililo wazi alisimama. Historia hiyo ndiyo tunayotaka kuisimulia.

Pwani na vigae vya kale

Neno kigae ni la zamani katika lugha yetu. Wazee walilitumia kwa kipande cha chungu kilichovunjika, kisha kwa kile cha kuezekea paa, na sasa kwa kile kinachotandazwa sakafuni, ambacho mafundi wengi hukiita taili. Kabla yake, nyumba za mawe za Lamu, Mombasa na Unguja zilikuwa na sakafu za chokaa juu ya boriti za mikoko, zikapigwapigwa na kulainishwa hata zikang'aa. Na mapambo ya kauri kutoka mbali hayakuwa mageni: katika msikiti mkuu wa Gedi bakuli za kauri zilipachikwa katika kibla, na kaburi la mnara la Mambrui limepambwa kwa vyombo vya Kichina vya enzi ya Ming. Vyombo hivyo vilivuka bahari katika mikono ya wafanyabiashara ambao hawakuwa watumishi wa mafinyanzi wa China. Walinunua, wakasafirisha, wakauza kwa jina lao na kwa uaminifu wao.

Kisha vikaja vigae vyekundu vya kuezekea kutoka Mangalore, pwani ya magharibi ya India. Mwaka 1865 Misheni ya Basel ilianzisha huko kiwanda cha vigae, na punde wenyeji nao wakaanzisha vya kwao. Vigae hivyo vilifika sehemu nyingi za ukingo wa Bahari ya Hindi, Afrika Mashariki ikiwemo, na paa zake zingali zinaonekana katika majengo ya zamani ya miji yetu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mali za misheni hiyo, iliyokuwa na mafungamano na Wajerumani, zilichukuliwa na Waingereza na kukabidhiwa kampuni nyingine. Vita vilivyopiganwa kwingine vilibadilisha mwenye kiwanda. Huko ndiko udhaifu wa kwanza wa msambazaji unakoonekana: riziki yake hutegemea maamuzi yanayofanywa mbali naye, katika vikao asivyoalikwa.

Eldoret, mahindi na ruhusa ya kuuza

Tupande sasa kwenda bara. Uwanda wa Uasin Gishu ulianza kukaliwa na walowezi wa Kizungu, wengi wao Makaburu kutoka Afrika Kusini, kuanzia mwaka 1908. Mwaka 1910 posta ilifunguliwa katika shamba nambari 64, na kwa muda mrefu mji uliitwa kwa nambari hiyo, hata baada ya kupewa rasmi jina la Eldoret mwaka 1912. Reli ilifika mwaka 1924, na kutoka hapo bidhaa za madukani zikaanza kupanda kwa urahisi na mahindi yakaanza kushuka bandarini. Wahindi, waliozuiwa kumiliki mashamba katika nyanda za juu, walishika biashara ya maduka. Mwafrika, ambaye ardhi ilikuwa yake, alibanwa kwa kodi, kwa kibali cha kutembea, na kwa sheria zilizozuia mfanyabiashara kumkopesha zaidi ya kiwango kidogo.

Walowezi hao walitambua mapema kwamba mkulima mmoja hana sauti mbele ya mnunuzi wa mahindi, wala mbele ya shirika la reli. Mwaka 1923 kikaanzishwa chama cha wakulima kilichokuja kujulikana kwa herufi KFA, na katika miaka hiyohiyo ya 1920 wakulima wa uwanda wa Eldoret walikuwa na chama chao cha mahindi kilichoungana nacho baadaye. Chama kilinunua pembejeo kwa pamoja, kikauza mavuno kwa pamoja, na kikazungumza na serikali kwa sauti moja. Kilikuwa chama cha walowezi, na dhuluma ya wakati huo ilikuwa ndani yake. Hata hivyo somo la utendaji wake halikufichika kwa Waafrika waliokifanyia kazi na baadaye wakaingia.

Uhuru ulipokuja, swali la nani auze nini likawa swali la taifa. Mwaka 1965 vyama vitatu vya wafanyabiashara, cha Wazungu, cha Waasia na cha Waafrika, viliunganishwa kuwa Chama cha Kitaifa cha Wafanyabiashara na Wenye Viwanda cha Kenya. Mwaka huohuo serikali iliunda Shirika la Kitaifa la Biashara la Kenya, ambalo lilipewa usambazaji wa bidhaa kadhaa, nalo likateua mawakala Waafrika wa kuzifikisha madukani. Mwaka 1967 Sheria ya Leseni za Biashara ikawazuia wasio raia kufanya biashara katika maeneo ya mashambani na katika sehemu nyingi za miji nje ya katikati. Katika miji midogo ya bara, maduka mengi yalibadilisha mikono katika miaka iliyofuata.

Hatua hizo ziliwafungulia Waafrika wengi mlango uliokuwa umefungwa tangu ukoloni. Lakini zilileta pia mazoea yasiyo mema: uwakala ukawa ni barua. Mwenye barua aliuza, asiyekuwa nayo alisubiri, na barua ile ile iliyotolewa na mkubwa iliweza kunyang'anywa na mkubwa. Msambazaji wa namna hiyo hakuwa huru. Aliwajibika kwa aliyempa barua kuliko kwa mnunuzi aliyesimama mbele yake.

KFA yenyewe ilipatwa na jambo la kufanana na hilo. Mwaka 1984 ilibadilishwa kuwa chama kikuu cha wakuza nafaka kwa amri iliyotoka juu, na jina la zamani likarudi katika miaka ya 1990 huku madeni yakiwa yameshakielemea chama. Wakulima wa Moiben wa rika la wazazi wetu wanayakumbuka hayo. Mtu akiwaambia leo habari za chama, swali lao la kwanza huwa ni moja: nani ataweka daftari?

Mfano wa Marekani, mwaka 1978

Mfano ulio karibu kabisa na biashara ya vigae unapatikana Marekani. Huko viwanda vya vigae viliunda baraza lao mwaka 1945, na mafundi na makandarasi wa vigae wakaunda chama chao mwaka 1947. Aliyesalia bila chama ni yule wa katikati, msambazaji. Kwa miongo mitatu alikaa hivyo, akisikia kutoka kwa wengine kanuni za biashara ambayo yeye ndiye aliyeibeba mgongoni.

Ilipofika miaka ya 1970, mambo mawili yalimsonga. Vigae kutoka ng'ambo, hasa Italia, viliingia kwa wingi, vikiwa na vipimo na tabia ambazo wauzaji wengi hawakuzizoea. Na baadhi ya viwanda vya ndani vilikuwa vikifungua maduka yao wenyewe na kumuuzia fundi moja kwa moja, hata msambazaji akawa anashindana na yuleyule anayemuuzia mali. Mwaka 1978 wasambazaji waliunda chama chao, Chama cha Wasambazaji wa Vigae vya Kauri, kinachojulikana kwa herufi CTDA.

Chama hicho hakikuweza kuzuia viwanda kufungua maduka, kwa kuwa sheria za ushindani za nchi ile haziruhusu wafanyabiashara kupatana juu ya bei au kumgomea mtu kwa pamoja. Kilielekeza nguvu mahali pengine, katika elimu. Kiliweka mitihani na cheti kwa wauzaji, ili anayesimama nyuma ya meza ajue kigae kinachofyonza maji ni kipi, kinachofaa bafuni ni kipi, na kile kisichofaa kukanyagwa ni kipi. Kila mwaka huwakutanisha wenye maduka kwa mkutano wa kujadili uendeshaji wa biashara, nacho ni miongoni mwa wadhamini wa maonyesho makubwa ya vigae ya nchi ile. Hatimaye kilifungua mlango hata kwa viwanda vyenyewe kuwa wanachama, maana mazungumzo ya ana kwa ana yana faida kuliko manung'uniko ya mbali.

Je, kilishinda? Viwanda vikubwa havikukoma kukua. Kampuni ya Dal-Tile, iliyoanzishwa Dallas mwaka 1947 na yenye vituo vyake vya mauzo, ilimnunua mshindani wake American Olean mwaka 1995, nayo ikanunuliwa na kampuni ya mazulia ya Mohawk mwaka 2002. Lakini msambazaji huru hakutoweka. Bado yuko, na chama chake bado kipo. Kilichombakisha ni kwamba mteja anapoingia dukani kwake hupata ushauri, na ushauri huo unaaminika.

Hali ya Kenya leo

Turudi nyumbani. Kwa miaka mingi vigae vilivyouzwa Kenya vilitoka kwa sehemu kubwa ng'ambo: China, India, hasa mji wa Morbi jimboni Gujarat, na vya bei ya juu kutoka Hispania na Italia. Hapa nchini kiwanda cha Saj cha Athi River kilikuwa kikitengeneza. Mwaka 2016 kiwanda cha Twyford kilianza kazi katika kaunti ya Kajiado kwa mtaji wa Kichina, na mwaka uliofuata wenyewe hao wakafungua kingine Chalinze, Tanzania. Vigae vya Afrika Mashariki vikajaa sokoni, bei ya vile vya kawaida ikashuka, na familia nyingi zilizokuwa zikiishia kwenye sakafu ya saruji zikaweza kutandaza vigae. Hiyo ni neema, na vijana waliopata kazi viwandani ni watoto wetu.

Kisha, tarehe 1 Julai 2022, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumia kiwango kipya cha ushuru wa forodha cha asilimia 35 kwa aina za bidhaa zinazoweza kutengenezwa katika kanda, na bidhaa za kauri zimo. Kusudi lake ni kulinda viwanda vya ndani. Lakini kwa msambazaji mdogo maana yake ni kwamba mlango wa bahari umekuwa mwembamba, na mlango uliobaki wazi una wenye funguo wachache. Akitaka mali, ataomba kwa viwanda vichache, kwa masharti yao: nani awe wakala wa eneo gani, alipe kwanza au apewe muda, apewe rangi zinazotakiwa au zile zilizosalia ghalani. Mazingira yale ya barua ya wakala ya miaka ya 1960 yanaweza kurejea kwa sura nyingine.

Na akitaka kuagiza mwenyewe? Tufanye hesabu. Kigae cha kawaida cha sakafu kina uzito wa karibu kilo 20 kwa mita ya mraba. Kontena la futi 20 la vigae hujaa kwa uzito kabla ya kujaa kwa nafasi. Likibeba tani 27, litakuwa na mita za mraba 1,350 hivi. Nyumba yenye sakafu ya mita 90 huhitaji mita 100 ukiongeza za akiba. Basi kontena moja ni nyumba 13 au 14, zote kwa rangi mbili au tatu tu. Duka la Moiben litachukua muda gani kuuza nyumba 13 za rangi hizohizo, huku fedha za mtaji zimelala na kodi ya duka inadaiwa kila mwezi?

Ndiyo maana wafanyabiashara wadogo wa bidhaa za kila namna waliingia katika njia ya shehena ya pamoja, ambapo watu wengi hugawana kontena moja. Mwishoni mwa mwaka 2018 na katika mwaka 2019, serikali ilipokaza ukaguzi kwa sababu ya bidhaa bandia na ukwepaji wa ushuru, makontena ya namna hiyo yalikwama kwa wingi. Wafanyabiashara wa Nyamakima na Gikomba jijini Nairobi waliandamana na kupaza sauti kupitia chama cha waagizaji na wafanyabiashara wadogo, hata serikali ikakaa nao na utaratibu wa shehena za pamoja ukaanza kupangwa upya. Mtu mmoja mwenye katoni 40 ndani ya kontena la watu 30 asingefunguliwa hata mlango wa ofisi.

Chama cha mji mdogo kingefanya nini?

Moiben ni nchi ya mahindi na ngano. Ujenzi huko hufuata mavuno: mkulima akishalipwa, ndipo humwita fundi. Malipo ya nafaka yakichelewa, kama yanavyochelewa mara kwa mara, duka la vifaa vya ujenzi nalo hulala njaa. Eldoret, kwa upande wake, ilipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, na fedha za wanariadha, za wakulima na za wafanyakazi zimekuwa zikijenga nyumba kuizunguka pande zote. Soko lipo. Swali ni kama muuzaji wa kituo kidogo atalifaidi, au ataachiwa makombo na maghala makubwa ya jijini.

Hatusemi kwamba chama ni dawa ya kila kitu. Lakini yapo mambo manne ambayo wauza vigae kumi wa mji mmoja na vitongoji vyake wanaweza kuyafanya pamoja, na ambayo mmoja peke yake hayawezi.

La kwanza ni kununua pamoja. Kontena au lori la kiwandani ambalo ni zito kwa mmoja ni jepesi kwa kumi, na kila mmoja akachukua rangi anazojua wateja wake huzipenda.

La pili ni kubadilishana mali. Mteja akipungukiwa na katoni mbili, na duka lake halina tena mkupuo ule wa tanuri, huenda duka la ng'ambo ya barabara linalo. Bila umoja, muuzaji humpa mteja katoni za mkupuo mwingine na kunyamaza. Akiwa na wenzake, humtuma mtoto akazilete.

La tatu ni kufundisha. Mafundi wengi wamejifunza kwa kutazama. Mafunzo ya siku mbili juu ya gundi, nafasi za viungo na mteremko wa bafu yangepunguza vigae vinavyobanduka, na lawama zinazomrudia muuzaji.

La nne ni kusema kwa sauti moja: mbele ya kiwanda, mbele ya kaunti inayotoza leseni, na mbele ya Shirika la Viwango la Kenya linapokagua ubora.

Sheria inatoa nafasi. Sheria ya Biashara Ndogo na Ndogo Zaidi ya mwaka 2012 iliweka mamlaka maalumu na msajili wa vyama vya namna hii, hata chama cha mji mdogo kikaweza kuwa na jina, akaunti na mahali pa kupeleka shauri. Sheria hiyohiyo ya nchi inaweka pia mpaka. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inakataza vyama vya wafanyabiashara kupatana juu ya bei. Kwa hiyo chama kikikutana ili kuamua kwamba kila duka liuze mita kwa bei moja, kimekwisha kuvunja sheria, na zaidi ya hapo kimemdhulumu yule mama mwenye fedha za mwisho mkononi.

Wanawake wanayajua haya tayari

Hapa tunawageukia akina mama na akina dada wanaotusoma. Mengi katika hayo tuliyoyataja si mapya kwenu. Upatu, au mchezo kama wengine wanavyouita, umesomesha watoto na kufungua maduka katika mitaa yetu yote, na vyama vya akina mama vya bara vimenunua viwanja na ng'ombe wa maziwa. Ndani yake mmejifunza yale ambayo vyama vikubwa vya kitaifa vilishindwa kuyashika: kwamba zamu haipangwi kwa upendeleo, kwamba anayechelewa kulipa huelezwa mbele ya wenzake, na kwamba mshika fedha si lazima awe mwenye sauti kubwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Chama cha wauza vigae ni mchezo uliopanuliwa, wenye katoni mahali pa sarafu.

Na wapo wanawake wanaoendesha maduka ya vifaa vya ujenzi, wengine baada ya kufiwa na waume, wengine kwa mtaji wao wenyewe. Hao ndio wanaoumia zaidi pale uwakala unapogawanywa katika vikao vya usiku na katika mahoteli wasiyoenda. Chama kinachokutana mchana, mahali pa wazi, na kuandika kumbukumbu zake, huwafungulia mlango. Atakayekianzisha Moiben, au Malindi, au Ukunda, na aanze na hilo.

Kwa anayekwenda kununua

Kabla hatujafunga, tuseme machache kwa familia inayokaribia kutandaza, kwa maana uaminifu wa soko hulindwa pia na mnunuzi anayejua.

Soma ubavu wa katoni. Humo huandikwa daraja, ukubwa, na alama za rangi na kipimo za mkupuo ule. Katoni zote za chumba kimoja ziwe na alama zilezile, na zikaguliwe kabla ya kupakiwa, si baada ya fundi kuanza kazi.

Agiza zaidi ya unachohitaji kwa asilimia 10, kwa ajili ya vipande vinavyokatwa na vinavyovunjika, na uhifadhi katoni moja nyumbani. Miaka mitano ijayo kigae hicho hakitapatikana.

Uliza juu ya ufyonzaji wa maji. Vigae vya poseleni hufyonza si zaidi ya nusu ya asilimia moja ya uzito wake, na kwa hiyo hufaa mahali pa maji. Vya ukutani hufyonza zaidi sana, wala havikutengenezwa kukanyagwa. Kwa bafu na ua chagua visivyo laini mno, kwa kuwa wazee na watoto huteleza.

Na ukimpata muuzaji anayekuambia, "Hiki unachokitaka hakifai jikoni kwako, chukua kile cha bei nafuu," mshike, na uwaelekeze jirani zako kwake. Katika msahafu wetu ipo sura nzima iliyopewa jina la wale wanaopunja vipimo, Al-Mutaffifin. Kipimo cha haki katika zama hizi hakiishii kwenye kibaba cha mchele. Kimo pia katika mita za mraba, katika daraja lililoandikwa kwenye katoni, na katika mkupuo wa tanuri.

Wasambazaji wa Marekani walichelewa miaka 30 na zaidi baada ya viwanda na mafundi kujipanga, ndipo wakaunda chama chao. Wauza vigae wa miji yetu hawana haja ya kungoja muda huo. Viwanda vimeshajipanga, ushuru umeshawekwa, na maghala makubwa yameshajengwa kando ya barabara kuu. Kilichobaki ni wenye maduka madogo kukaa chini pamoja, kufungua daftari mbele ya wote, na kukubaliana juu ya jambo la kwanza: kwamba hakuna katoni itakayotoka katika duka la mwanachama bila mnunuzi kuambiwa ukweli wa kilichomo.